Namna ya Kuandaa Tamasha la Pombe ya Kienyeji la Kuchangia Kisima cha Kijiji

Mashariki mwa Uganda, kuanzia Busia na Tororo hadi Kumi na Soroti, pombe imekuwa njia ya kukusanya nguvu za watu tangu zamani. Anayetaka shamba lake lipaliliwe kwa siku moja huwapikia majirani malwa, yaani pombe ya wimbi, nao huja na majembe yao wakijua kwamba jioni watakaa kuuzunguka mtungi. Tamasha la kuchangisha fedha linaichukua desturi hiyohiyo na kuiongezea tiketi, daftari na saa ya kufunga. Mwongozo huu unailenga kamati ya kijiji inayotaka kukarabati kisima cha pampu ya mkono, ingawa hatua zake zitafaa pia kwa kalvati, daraja dogo au paa la zahanati. Sehemu kubwa yake inahusu mambo mawili ambayo kamati nyingi huyapuuza, yaani malipo ya wapika pombe na ulinzi wa fedha, kwa sababu huko ndiko matamasha ya namna hii hufaulu au kuharibika.

Hatua ya kwanza: Chagueni mradi mmoja na mpate bei yake kwa maandishi

Msichangishe fedha kwa ajili ya "maendeleo ya kijiji". Mtu anayeombwa shilingi 10,000 ana haki ya kujua zitanunua nini, na akiambiwa jambo la jumla atatoa 1,000 au ataondoka. Kama mradi ni kisima, mwiteni fundi wa pampu anayetambuliwa na gombolola lenu (ngazi ya utawala iliyo chini ya wilaya), apime kina, akague mabomba, kisha aandike orodha ya vifaa pamoja na bei ya kila kimoja. Visima vingi vya vijijini nchini Uganda hutumia pampu za aina ya U2 au U3, kwa hiyo vipuri vyake vinajulikana na bei zake zinaweza kulinganishwa katika maduka mawili au matatu ya mjini. Mwulizeni fundi pia kuhusu hali ya maji. Pale ambapo maji yana asidi, mabomba ya chuma kilichopakwa zinki huoza na kuyatia maji rangi ya kutu, na hapo ni afadhali kuchangisha fedha zaidi kwa ajili ya mabomba ya chuma kisichoshika kutu kuliko kurudi kwa wananchi na ombi lilelile baada ya miaka michache.

Kabla ya kutangaza lolote, mwenyekiti aende kwa shehe na kwa wachungaji wa kijiji. Fedha za pombe si fedha ambazo kila mtu yuko tayari kuzipokea au kuzitumia, na ni heri pingamizi lisikike sebuleni kuliko mbele ya umati. Kwa sababu hiyohiyo nashauri tamasha la pombe lisiwe la kujenga msikiti, kanisa wala madrasa, hata kama baadhi ya waumini watasema hawajali. Maji ni ya wote, lakini hata hapo wako watakaotaka mchango wao usichanganywe na wa mtungi. Wafungulieni daftari lao tofauti, ambalo fedha zake zitanunua kifaa kimoja kinachojulikana, kwa mfano kichwa cha pampu.

Hatua ya pili: Ruhusa na sheria

Barua ya kwanza iende kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, na nakala zake ziende kwa mkuu wa gombolola na kwa mkuu wa kituo cha polisi kilicho karibu. Barua itaje tarehe, saa ya kuanza na ya kumaliza, uwanja, idadi ya watu wanaotarajiwa, pamoja na majina ya watu watatu watakaowajibika. Biashara ya pombe huhitaji leseni, kwa hiyo muulizeni ofisa wa biashara ni kibali gani kinachohitajika kwa mauzo ya siku moja, na kama mtatumia vipaza sauti, muulize vilevile kuhusu kibali cha kelele. Mkifikiria kuchezesha bahati nasibu, kumbukeni kwamba michezo hiyo inaangukia chini ya Sheria ya Bahati Nasibu na Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2016, na kwa tamasha dogo usumbufu wake hauna faida. Mnada wa jogoo au wa mkungu wa matoke huleta msisimko uleule bila kubahatisha chochote.

Kuhusu waragi, pombe kali ya kienyeji, ushauri wangu ni mfupi: usiingie uwanjani. Mwezi wa Aprili 2010 watu zaidi ya 80 walifariki wilayani Kabale baada ya kunywa waragi uliochanganywa na methanoli, na hakuna mtu uwanjani anayeweza kuitambua methanoli kwa macho wala kwa ulimi. Pombe kali ya viroba nayo imepigwa marufuku nchini tangu 2019. Tamasha liuze pombe za kuchachusha tu, kama malwa, kwete (pombe ya mahindi) na tonto (pombe ya ndizi), ambazo watu wamezizoea na ambazo aliyezipika anajulikana kwa jina na kwa nyumba yake.

Hatua ya tatu: Tarehe

Wimbi huvunwa kuanzia mwezi wa Juni hadi Julai katika maeneo mengi ya mashariki, na baada ya mavuno bei yake hushuka huku watu wakiwa na fedha kidogo mkononi. Hivyo mwisho wa Julai na mwanzo wa Agosti ni wakati mzuri, kabla mvua za pili hazijakolea. Kuna tahadhari moja kwa walio karibu na Mbale: katika miaka inayogawanyika kwa mbili Wagisu huwa na imbalu, yaani sherehe za tohara, na tangu Agosti wapiga ngoma, mitungi na hata nafaka hutafutwa kwa udi na uvumba. Mwezi wa Disemba nao unafaa kwa sababu walioko Kampala na Nairobi hurudi nyumbani. Epukeni wiki za kulipa karo, na epukeni Ramadhani. Siku ya soko katika senta ya jirani pia haifai, ila kama tamasha lenyewe linafanyika hapohapo sokoni.

Pangeni kuanza saa saba mchana na kufunga saa kumi na mbili jioni. Kwetu jua huzama karibu saa moja mwaka mzima, na saa hiyo moja ya mwanga iliyobaki ndiyo inayowafikisha wanawake, wazee na waliolewa nyumbani salama. Kamati nyingi huona uchungu kufunga wakati mauzo yamechangamka, lakini ugomvi, wizi na deni huanza giza linapoingia.

Hatua ya nne: Wapika pombe walipwe

Hapa kuna mazoea ninayoyapinga. Kwa kuwa mradi ni wa kijiji, kamati huwaambia wanawake wanaopika pombe "wachangie" mitungi, kisha humsifu kwa kipaza sauti mfanyabiashara aliyetoa shilingi 50,000. Mama anayetoa mtungi mmoja bure ametoa nafaka, kuni, maji aliyoyachota mbali na kazi ya wiki mbili au zaidi, na mara nyingi huo ndio mtaji wake wote. Akifanyiwa hivyo mwaka huu, mwakani atakuwa na udhuru. Mlipeni kila mpishi bei anayouzia siku za kawaida, tena nusu yake itangulie, kisha akitaka kuchangia kwa hiari yake, jina lake lisomwe kama la wengine.

Malipo ya kutangulia yana sababu nyingine inayotokana na upishi wenyewe. Unga wa wimbi hukandwa kwa maji na kufunikwa kwa muda wa kama wiki moja hadi uchachuke, kisha hukaangwa katika bati pana juu ya moto mpaka ubadilike rangi na kunukia, halafu huanikwa juani hadi ukauke kabisa. Wakati huohuo wimbi jingine hulowekwa, likaachwa lichipue, likaanikwa na kusagwa kuwa kimea. Mwishoni vitu hivi viwili huchanganywa na maji katika mapipa, na baada ya siku chache malwa huwa tayari. Kwa hiyo agizo lililotolewa siku kumi kabla ya tamasha limechelewa, na mpishi atakayelikubali huenda akatumia unga wa zamani uliokaangwa au kimea kisichokauka vizuri. Agizeni wiki nne kabla. Mvua ikinyesha wiki nzima na unga uliokaangwa ukashindwa kukauka, bado mtakuwa na nafasi.

Tonto inahitaji hesabu tofauti kwa sababu hukaa muda mfupi sana kabla ya kuwa chachu. Ndizi za mbidde, yaani ndizi za pombe, huivishwa, hukamuliwa kwa majani makavu, juisi yake huchanganywa na maji na mtama uliokaangwa, kisha huchachuka kwa siku mbili hivi katika mtumbwi wa mti uliofunikwa kwa majani ya mgomba. Ifike uwanjani asubuhi ya siku yenyewe, na kiasi chake kiwe kile kitakachokwisha siku hiyo. Ulizeni mapema kama ndizi zipo, kwani mnyauko wa bakteria, uliogunduliwa Uganda mwaka 2001, hushambulia zaidi migomba ya kayinja, ambayo nayo ni ya ndizi za pombe, na yako mashamba yasiyo na mkungu hata mmoja wa kukamua.

Wapishi watano wenye mitungi sita kila mmoja ni bora kuliko mmoja mwenye thelathini. Pombe ya mmoja ikiharibika, tamasha halifi, na watu hupenda kulinganisha: malwa ya fulani ni kali, ya fulani ina harufu ya moshi, ya fulani ni tamu mno. Wekeni kibao chenye jina la mpishi mbele ya mitungi yake. Ushindani huo huuza kuliko tangazo lolote, na wapishi wenyewe huufurahia.

Hatua ya tano: Mitungi, mirija na maji ya moto

Malwa haipimwi kwa kikombe. Pombe nzito yenye machicha huwekwa mtungini, maji ya moto humiminwa juu yake, na watu hukaa kwa duara wakinyonya kwa mirija mirefu inayopita urefu wa mkono. Maji yakipungua huongezwa tena, na kila yanapoongezwa ladha hupungua kidogo, mpaka mmoja wao aseme kwamba sasa wanakunywa maji. Hii ina maana kwamba kazi ya kuchemsha maji haina mapumziko. Tengeni watu wawili wa moto, mapipa mawili ya maji yanayochemka muda wote, na birika moja kwa kila mitungi mitatu. Moto ukizimika saa tisa, mauzo yanasimama.

Mrija wenyewe unastahili kuangaliwa kwa karibu. Ncha inayozama ina kichujio kidogo, cha ukindu uliosukwa au cha bati lililotobolewa matundu, kinachozuia machicha yasipande mdomoni. Kichujio kikilegea mnywaji ataukung'uta mrija kila mara, na kikiwa na machicha ya wiki iliyopita kitanuka hata kabla ya kuingia mtungini. Siku moja kabla, kusanyeni mirija yote, fungueni vichujio, vipigwe brashi, kisha maji yanayochemka yapitishwe ndani ya kila mrija hadi yatoke meupe upande wa pili. Mirija ya plastiki laini, ile inayokatwa kutoka kwenye mipira ya maji, ikataliwe, kwa sababu haikutengenezwa kwa maji ya moto. Kila mtu awe na mrija wake, aufunge kitambaa au uzi wa rangi yake, na asimpe jirani. Zamani mrija mmoja ulizunguka duara nzima kama ishara ya upendo, lakini mate hueneza magonjwa, na tangu vilabu vilipofungwa wakati wa korona, kuanzia Machi 2020 hadi Januari 2022, wengi wenyewe huja na mirija yao.

Adabu ya mtungi iachwe mikononi mwa wazee. Mrija haushikwi kwa mkono wa kushoto wala haupulizwi, na mzee mmoja katika kila duara anatosha kuwakumbusha vijana.

Hatua ya sita: Fedha zisikutane na mtungi

Kanuni ni hii: anayegawa pombe asiguse fedha, na anayepokea fedha asigawe pombe. Wekeni meza moja tu ya malipo mlangoni, yenye watu wawili kutoka koo au makanisa tofauti, mmoja akipokea na mwingine akiandika. Wauze tiketi zenye namba na muhuri, za rangi tatu: moja ya nafasi kwenye mtungi, moja ya kikombe cha tonto au kwete, na moja ya chakula. Mpishi hapokei chochote isipokuwa tiketi, ambazo huzichoma kwenye msumari au kuziweka katika kopo. Jioni tiketi zilizouzwa, zilizobaki na zilizotumika huhesabiwa, na hesabu hizo tatu zinapaswa kukubaliana.

Tuchukue mfano, wenye bei za kusaidia hesabu tu. Mtungi mmoja mmeununua kwa shilingi 50,000. Unakaliwa na watu kumi, kila mmoja akilipa 10,000 kwa nafasi yake, maji ya moto yakiwemo. Mtungi umeingiza 100,000. Mkiondoa bei ya mpishi na 5,000 za kuni na maji, kunabaki 45,000. Mitungi thelathini ikijaa yote, mtakuwa na 1,350,000, na hapo bado hamjalipa vipaza sauti, turubai wala walinzi. Kamati ikifanya hesabu hii mapema itaona mambo mawili: kwamba mitungi isiyojaa hula faida haraka, kwa hiyo msifungue mtungi mpya kabla wa kwanza haujapata watu wake kumi; na kwamba chakula, mnada na ahadi za walio mbali lazima viongeze sehemu yao.

Kwa walio mbali, tumieni simu. Namba ya kupokelea isiwe ya mweka hazina binafsi hata kama ni mwaminifu kiasi gani. Iwe ya kikundi, ikiwezekana ya malipo ya biashara, na ujumbe wa kila mchango usomwe hadharani. Kutoa fedha taslimu kwenye simu hukatwa kodi ya asilimia 0.5 mbali na ada ya mtandao, kwa hiyo ni nafuu kumlipa mwenye duka la vipuri moja kwa moja kutoka kwenye simu. Mikopo isiwepo kabisa. Mtu anayesema "niandikie, nitalipa Jumatatu" aelekezwe kwenye meza ya ahadi, ambako ahadi huandikwa bila kupewa tiketi.

Hatua ya saba: Siku yenyewe

Chagueni uwanja wenye kivuli, vyoo na njia mbili za kutokea, ulio mbali na shule. Sheria hairuhusu kumuuzia pombe mtu aliye chini ya miaka 18, na mlangoni kijana asiyejulikana aonyeshe kitambulisho cha taifa. Watoto watakuja tu, hasa ngoma zikilia, hivyo wapewe upande wao wenye mpira na kuvuta kamba, na wasitumwe kubeba mirija wala maji ya mitungi. Obushera (uji wa nafaka usiolevya), soda na maji ya kunywa viwe kwa bei ya chini kuliko pombe yoyote.

Chakula kianze kuuzwa kabla ya pombe. Muchomo (nyama choma), gonja (ndizi za kuchoma), chapati na roleksi (chapati iliyoviringishwa na mayai) hupunguza ulevi na huongeza mapato, na wauzaji wake wanaweza kulipa ada ya meza badala ya kuingia kwenye mfumo wa tiketi. Mtu wa timu ya afya ya kijiji awe na kisanduku cha huduma ya kwanza mahali panapoonekana. Walinzi wanne wasiokunywa, wakiwemo wanawake wawili, watembee uwanjani, na waelewe kwamba kazi yao ya kwanza ni kumwondoa kwa upole aliyezidiwa kabla hajaanza kelele.

Kuhusu usafiri, patana na waendesha bodaboda wa stendi yenu wachache ambao hawatagusa pombe siku hiyo, wapewe chakula na malipo ya hakika, na wavae kitambaa kinachotambulika. Kiwango cha kisheria kwa dereva ni miligramu 80 za pombe katika mililita 100 za damu, na polisi wa kawunyemu, wale wenye kipima ulevi, hawamwulizi mtu kama alikuwa anachangia kisima. Anayekuja na pikipiki yake aache ufunguo kwa kamati. Hilo huzua mabishano, kwa hiyo litangazwe tangu kwenye mabango, si mlangoni.

Hatua ya nane: Hesabu na kazi ya fundi

Fedha zihesabiwe jioni hiyohiyo mbele ya mwenyekiti wa LC1, mpishi mmoja aliyechaguliwa na wenzake, na mtu mmoja kutoka upande wa wasiokunywa. Wapishi wamaliziwe nusu yao kwanza, papo hapo, kabla ya malipo mengine yoyote. Zilizobaki zipelekwe kwenye akaunti ya Sacco siku ya kwanza ya kazi, na hesabu nzima iandikwe kwa kalamu nene kwenye karatasi kubwa ibandikwe dukani senta kwa wiki mbili: tiketi ngapi, mitungi mingapi, nani alilipwa nini, ahadi zipi bado. Machicha yagawiwe wafugaji wa nguruwe, wakionywa wayachanganye na chakula kingine.

Msimpe fundi fedha zote kwa pamoja. Vifaa vinunuliwe na kamati yenyewe kwa risiti, vikaguliwe dhidi ya orodha ile ya hatua ya kwanza, na ujira wa fundi ugawanywe mara mbili: nusu siku anapoanza kuvuta mabomba, na nusu baada ya pampu kutoa maji kwa wiki moja bila kukatika, mwenyekiti wa kamati ya maji akiwa ametia sahihi. Kama kuna shilingi zilizobaki, zinunue washa na vifungio vya akiba, vikae kwa mtunza kisima.